Usiiuze hiyo DX7 kwanza

Ndugu yangu wa Masasi, unasema kinanda chako cha umeme, Yamaha DX7 uliyonunua kwa wanakwaya, ina sauti zilezile za kizamani, na unataka kuiuza. Subiri! Kinanda hicho cha mwaka 1983 kina opereta 6 kwa kila sauti, yaani vizalishi vidogo vya mawimbi vinavyochocheana, na utamu wote uko humo. Ingia sehemu ya kuhariri, chukua opereta inayochochea nyingine, ipe masafa ya mtetemo yasiyofuata noti, kisha ifanye ififie upesi. Kila noti itaanza na mlio mkavu wa "ko!", kama ngoma ya sindimba. Iongezee pia usikivu wa nguvu ya kidole: ukigusa polepole inanong'ona, ukipiga kwa nguvu inapasuka. Ila kwanza kabisa hamishia sauti zako kwenye kompyuta kwa MIDI, ile njia ya kuunganisha vyombo vya muziki na kompyuta, maana betri ya ndani ikifa zinapotea.