Wanafunzi kuhariri maprofesa, imekaaje hii?

Swali: Habari mhariri, nasikia Marekani majarida ya sheria yanaendeshwa na wanafunzi, yaani mwanafunzi wa mwaka wa pili ndo anaamua makala ya profesa itoke au isitoke, ni kweli?

Jibu: Kweli kabisa ndugu yangu. Harvard Law Review lilianzishwa na wanafunzi 1887 na mpaka leo ni lao, na humohumo 1890 ikatoka makala ya mawakili Warren na Brandeis kuhusu haki ya faragha ambayo inatajwa mpaka kesho, kwa hiyo usidhani ni mambo ya kitoto.

Ila shida ipo. Fani nyingine makala inapitiwa na wataalamu wenzako, huku kijana ambaye hajamaliza hata digrii yake ya sheria anapima hoja za mtu aliyebobea miaka na miaka, na kwa vile mwandishi anaruhusiwa kutuma makala moja majarida mengi kwa mpigo, vijana wanazidiwa, mwisho wengine wanaangalia jina na chuo anachotoka mtu. Hilo linaniuma, maana mwenye hoja nzuri toka chuo kidogo anapitwa hivihivi.

Lakini kukagua tanbihi, yaani yale maelezo ya vyanzo chini ya ukurasa, hapo nawavulia kofia! Kila dai linafuatiliwa mpaka kwenye chanzo chake, na kijana anajifunza kuliko darasani. Mimi ningewaachia hiyo, halafu kwenye kuchagua wasaidiwe na wataalamu, kuna majarida yao yameshaanza kuomba maoni hayo kabla ya kukubali makala.