Maswali ya Wasomaji: Je, mahakama za Marekani zimemfukuza Mungu shuleni?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari hapa Nyegezi, na pia ni mwanakwaya. Mzee wetu mmoja wa kanisa, ninayemheshimu kama baba, amenionyesha mahubiri ya mchungaji wa Marekani asemaye kwamba mahakama za huko zimemfukuza Mungu shuleni ili kuipisha nadharia ya mageuko ya viumbe, isemayo kwamba viumbe wa leo wametokana na wa kale kwa kubadilika polepole. Sasa mzee ananiuliza iweje nami niifundishe. Je, mchungaji yule anasema kweli, na kwa nini huko sayansi imegeuka kuwa siasa? *Mwalimu, Nyegezi, Mwanza.*

JIBU: Ndugu Mwalimu, hukumu anazozisema mchungaji yule zipo, lakini hazikuamua hayo anayodai. Mwaka 1962, katika kesi iliyotoka New York, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali haina mamlaka ya kutunga sala na kuagiza isomwe katika shule za umma. Mwanafunzi hakukatazwa kusali. Iliyozuiwa ni serikali, na miongoni mwa wazazi walioshtaki walikuwamo Wayahudi ambao hawakutaka watoto wao wasalishwe na serikali. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ilimpa haki kocha wa shule ya umma aliyekuwa akipiga magoti uwanjani kusali baada ya mechi.

Kuhusu siasa, tazama nani anaamua kinachofundishwa. Kwetu mtaala huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania kwa ajili ya Tanzania Bara nzima, ilhali Marekani shule za umma ziko chini ya majimbo na bodi za maeneo, ambazo aghalabu wajumbe wake hupigiwa kura, hivyo anayetaka kubadili somo la Baiolojia anaweza kugombea kiti na kufanyia kampeni jambo hilo.

Mvutano huu ni wa zamani. Mwaka 1925 jimbo la Tennessee lilipiga marufuku kufundisha katika shule za umma kwamba binadamu ametokana na wanyama wa chini, na mwalimu John Scopes akashtakiwa katika mji wa Dayton na kutozwa faini ya dola 100, ambayo baadaye ilitenguliwa kwa kasoro ya kisheria. Upande wa mashtaka alikuwapo William Jennings Bryan, aliyewahi kugombea urais mara tatu. Watu wengi humkumbuka kama adui wa elimu, nami naona hawamtendei haki, kwa sababu maisha yake yote aliwatetea wakulima na wafanyakazi, na aliogopa kwamba mafundisho ya mwenye nguvu kumshinda dhaifu, aliyoyaona katika nadharia ya mageuko, yangetumiwa kuhalalisha ukandamizaji. Hofu yake ilikuwa ya kiutu, ila dawa aliyoichagua, yaani kuifanya sheria ya jimbo iwe mlinzi wa tafsiri moja ya Biblia, haikuwa dawa. Sheria ile ilifutwa mwaka 1967.

Mfano ninaokuomba umsimulie mzee ni wa Dover, Pennsylvania. Mwaka 2004 bodi ya shule ya huko iliagiza wanafunzi wa Baiolojia wasomewe tamko la kuitilia shaka nadharia ya mageuko na kuwaelekeza kwenye fundisho lisemalo kwamba viumbe vimebuniwa na mwenye akili. Walimu wa Baiolojia walikataa kulisoma, na wazazi 11 wakaenda mahakamani. Shahidi wao mkuu wa kisayansi alikuwa Kenneth Miller, mwanabaiolojia wa Chuo Kikuu cha Brown, ambaye ni Mkatoliki na hafichi imani yake. Jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush wa chama cha Republican, alihukumu Desemba 2005 kwamba fundisho hilo ni la kidini na si sayansi. Mwezi mmoja kabla, wapiga kura walikuwa wamekwisha kuwaondoa wajumbe wote wanane wa bodi waliotetea viti vyao. Hukumu ile haikugusa kanisa lolote wala haikutamka kwamba Mungu hayupo.

Kwa hiyo mwambie mzee, kwa heshima anayostahili, kwamba hakuna aliyekutaka uchague kati ya kwaya na darasa. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu ya binadamu (taarifa zote za urithi zilizomo katika seli zake), ni Mkristo wa kiinjili na anaikubali nadharia ya mageuko. Darasani nakushauri uanze na samaki waitwao furu badala ya ugomvi wa Wamarekani. Ziwa letu Victoria lilikuwa na mamia ya spishi za samaki hao, nyingi zisizopatikana penginepo duniani, na watafiti walioanza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza miaka ya 1970 walikuta wengine wana meno ya kuponda konokono na wengine ya kukwangua mwani kwenye mawe. Waombe wavuvi wakupatie furu wa aina mbili au tatu, uwape wanafunzi wafungue vinywa vya samaki hao na kulinganisha meno kabla hujawaandikia ubaoni neno lolote la nadharia.