Dalia zako zinalala chini mvua ikipiga? Anza na fito

Mimi niko huku Moshi, maua napanda nyumbani mwaka wa nne sasa, na hakuna kilichonitoa jasho kama dalia. Ua likichanua linakuwa kubwa kama kisosi, mvua ya Aprili ikinyesha usiku linajaa maji linakuwa zito, na shina lenyewe ndani ni tundu tupu kama bomba. Asubuhi unatoka na chai yako unakuta zote zimelala kwenye tope.

Mwaka wa kwanza nilisubiri zianguke ndo nikaenda kutafuta fito. Nikazikusanya dalia zenyewe nikazifunga kwa waya kama mzigo wa majani ya ng'ombe, tatu zikakatika hapohapo mkononi, zilizobaki waya ukawa unazila taratibu kila upepo ukipiga. Afu kumbe ile fito nilivyoichomeka katikati ikatoboa viazi vya dalia huko chini, ile mizizi minene inakochipukia, vikaoza.

Sa hivi fito ndo inatangulia. Nasimamisha mwanzi wa mita moja na nusu, sm 40 zinaingia ardhini, nashindilia vizuri, ndo naweka kiazi pembeni yake. Bustani inakaa kituko mwezi mzima, miti mitupu imesimama, jirani kaniuliza kama nimepanda maharage ya kutambaa, nikacheka tu. Shina likifika magotini nafunga, likipanda kama sm 30 nafunga tena. Kamba natumia vipande vya tisheti kuukuu au ya mgomba, huku migomba hatukosi. Funga namba nane: kwenye mwanzi ikaze, pishanisha kamba katikati, kwenye shina ilegee kidole kipite.

Fito mbichi angalia, nyingine zinachipua kabisa, na kavu mchwa hawaziachi. Mabaki ya nondo ya milimita 8 yanadumu, ila ncha uifunike na chupa ya plastiki usije ukajitoboa jicho ukiinama kupalilia.

Na samadi jamani punguzeni, ukizidisha shina linarefuka laini halafu majani ndo mengi kuliko maua. Kivulini chini ya mgomba nako linanyong'onyea likitafuta jua. Likifikisha jozi nne za majani mi nakata kichwa, linatoa matawi linakuwa nene, maua yanachelewa kidogo lakini halisumbui.

Maua ya glediolasi nayo usihangaike na moja moja, panda vile vitunguu vyake vya kuotesha sm 15 chini, vikaribiane, afu zungushia fito nne na kamba basi.

Lililokwisha kuvunjika usiligange, kata uweke kwenye jagi la maji mezani.