Tangi jipya la maji chumvi likiwa jeupe, usimwage maji kwanza

Umejaza tangi la samaki wa baharini, na kesho yake maji yamekuwa meupe kama tui. Wengi huyamwaga yote na kuanza upya, na mara nyingi weupe hurudi, kwa sababu chanzo hakijaguswa. Weupe wa tangi jipya huwa ni vumbi la mchanga, chokaa iliyojitenga na maji, au bakteria. Tiba ya kimoja huzidisha kingine, basi jua kwanza kipi kimekupata.

Chota maji kwenye glasi safi, ifunike, iache mezani usiku kucha. Unga ukituama chini, ni vumbi au chokaa. Ukungu ukibaki vilevile mpaka asubuhi, ni bakteria. Kutofautisha vumbi na chokaa, pitisha kidole kwenye hita (izime na uichomoe kwanza) na kwenye pampu: chokaa huacha gamba linalokwaruza, vumbi hufutika. Siki haisaidii hapa, maana mchanga wa matumbawe nao hutoa povu ukiutilia siki. Na glasi ikitakata ndani ya dakika moja kuanzia chini kwenda juu, hayo ni mapovu tu. Pampu inavuta hewa.

Vumbi ndilo jepesi. Mchanga mkavu wa matumbawe huoshwa kilo 5 kwa mara, ndani ya ndoo ya lita 20, ukikoroga na kumwaga hata mara kumi mpaka maji yatoke safi. Ule unaouzwa ukiwa na unyevu na bakteria wake hauoshwi, utawaua bakteria hao. Kama umeshaujaza bila kuosha, geuza pampu isipige chini, weka pamba ya polista kwenye chujio na uibadilishe kila siku. Siku tatu zinatosha. Pamba ya sufi ya mito usiitumie, inaoza. Mchanga wa korongo, hata ukiwa wa bure, uache kwa mafundi ujenzi: una udongo wa mfinyanzi ambao chembe zake hazituami upesi hata kwenye glasi, na utakuvurugia kipimo chote.

Chokaa ndiyo inayowasumbua watu wa Dodoma. Maji mengi ya bomba mjini hutoka visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, nayo ni maji magumu. Ushahidi ni ukoko mweupe ndani ya jagi la kuchemshia chai. Chumvi ya akwaria imetengenezwa kwa kudhani maji yako hayana kitu; ndani yake tayari mna kalsiamu na bikaboneti za kutosha. Ukiitia kwenye maji magumu, viwili hivyo vinazidi uwezo wa maji kuvishika, vinaungana na kushuka kama unga. Kwenye hita hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa uwezo wa maji kuyeyusha chokaa hupungua kadiri yanavyopata joto. Mtu akiona pH (kipimo cha uchachu wa maji) imeshuka akaongeza magadi, unga unaongezeka.

Kwa hiyo tumia maji yaliyochujwa kwa RO, yaani yaliyosukumwa kupita kwenye utando unaozuia madini. Vituo vya kuuza maji ya kunywa vingi vina mtambo huo, ila baadhi hurudisha madini mwishoni. Nenda na kipima TDS (kinachopima madini yaliyoyeyuka), na kikizidi 50 ppm tafuta kwingine. Maji ya mvua ya kwenye mabati yana hatari yake: zinki ya bati huua kamba na konokono.

Tangi la lita 200, ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, hubeba kama lita 170 za maji. Kwa gramu 35 hadi 38 kwa lita, hiyo ni chumvi kilo 6 hadi 6.5. Changanyia kwenye pipa la plastiki lisilowahi kuwekwa sabuni wala mafuta. Maji yatangulie, pampu izunguke, chumvi iingie kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya rundo la chumvi, chini hutokea mchanganyiko mkali mno na chokaa hujitenga hata kama maji ni ya RO. Acha saa 24 kwenye nyuzi 25, refraktomita (kipima chumvi) isome 1.025. Tangi ambalo tayari limeshusha chokaa, acha unga utuame, uufyonze kwa mpira, kisha badilisha asilimia 20 kwa mchanganyiko mpya wa RO. Alkalini (kiasi cha bikaboneti majini, hupimwa kwa dKH) ikirudi kati ya 8 na 12 dKH, usiongeze chochote.

Bakteria hutokea siku chache baada ya kujaza, wakila mabaki yaliyokufa kwenye mawe au chakula kilichozidi. Maji ya bahari yaliyosafirishwa kutoka Dar kwenye madumu yaliyofungwa huja na shida hiyo: vijidudu vyake hufa njiani na kuoza. Tangi lisilo na samaki, liache. Litatakata lenyewe ndani ya wiki moja, pengine mbili. Lenye samaki ni dharura, kwa sababu bakteria hao wanakula oksijeni. Samaki wakihema juu ya maji, washa pampu ya hewa, elekeza mkondo usukesuke uso wa maji, simamisha chakula siku mbili, na pima amonia. Ikifika 0.5 mg/L, badilisha asilimia 20 ya maji. Umeme ukikatika wakati huo bila pampu ya betri, huenda samaki wasifike asubuhi.

Shabu usiitie: huangusha alkalini na kuacha alumini. Mbegu za mlonge hutakasa maji ya ndoo vizuri, lakini ndani ya tangi ni protini inayooza, yaani chakula zaidi cha bakteria. Klorini itaua na wale bakteria wa chujio wanaoondoa amonia, ambao unawasubiri wiki nne hadi sita.

Weupe ukija mwezi wa pili au wa tatu tangu ujaze tangi, chunguza maji ya kujazia. Hewa kavu ya kiangazi cha Dodoma hupunguza maji haraka, chumvi ikibaki. Weka alama kwenye kioo, jazia kila siku kwa RO tupu, bila chumvi. Ukijazia bomba, chokaa inarundikana kila jagi unalomimina.