Waliokuwa wanataipu usiku

Mwanangu,

Umeniuliza, kama mitambo yote ya kuchapa ilikuwa ya serikali, vile vitabu vilivyokatazwa kule Sovieti vilikuwa vinatoka wapi. Jibu langu la kwanza ni mataipisti, na hapo naongea kama mtu wa kazi manake mamako nimegonga taipureta ofisini miaka kibao kabla kompyuta hazijaja.

Toka 1922 kulikuwa na ofisi ya udhibiti, Glavlit, wao wasiporuhusu kitu hakichapwi. Fotokopi nazo zinafungiwa. Sasa mtu anachukua karatasi nyembamba kabisa, anapachika kaboni katikati, anagonga kwa nguvu zote, anapata nakala nne tano hivi, na ile ya chini hafifu mpaka unakodoa macho, naijua sana hiyo. Nakala anapewa rafiki aisome usiku huohuo arudishe, akiweza naye ataipu zake. Ndo samizdati hiyo. Na sio riwaya na mashairi tu, 1968 walianza jarida la kuripoti nani kakamatwa na nani kafungwa wapi, mhariri wa kwanza mshairi mmoja, Natalya Gorbanevskaya, mama wa watoto wawili. 1969 wakamkamata, wakaja kumtupa hospitali ya vichaa na mtu mzima wa akili yule! Mpaka leo linanikera.

Njia nyingine mswada unavushwa nje, unachapwa huko, kitabu kinarudi kwa magendo. Riwaya ya Doctor Zhivago ya mwandishi Pasternak ilitoka Milan, Italia, 1957. Waandishi Sinyavsky na Daniel walipigwa jela miaka 7 na 5 mwaka 1966 kwa kuchapisha nje. Tena mchezo wa zamani huo, mwandishi Mrusi Herzen alikuwa na matbaa yake London tangu 1853 enzi za Tsar, mfalme wa Urusi.

Ila ninaowapenda mimi ni Carl na Ellendea Proffer, mtu na mkewe, Wamarekani, 1971 walianzisha kampuni ya kuchapisha vitabu, Ardis, hukohuko nyumbani kwao Ann Arbor, Marekani. 1979 waandishi wa Moscow wakatengeneza mkusanyiko wa maandishi yao, Metropol, nakala 12 tu za taipu, wakataka uchapwe bila kukatwa neno, serikali ikagoma, Ardis wakauchapa.

Udhibiti ulifutwa kwa sheria 1990. Lakini 2023 imezaliwa kampuni ya Freedom Letters, inatoa vitabu vya Kirusi kutokea nje, na Mei 2025 polisi wa Moscow wamekamata wafanyakazi wa kampuni za vitabu kwa sababu ya riwaya walizotoa.

Mamako