Anayekwenda kujitolea chumba cha upasuaji nje ya nchi abebe nini

Mdogo wangu mmoja wa kazini, hapa hapa Dar, kapata nafasi ya wiki mbili na timu ya upasuaji inayokwenda Komoro. Juzi akanifuata kantini: "Dada, nibebe nini?" Nikamwambia abebe kalamu ya wino usiofutika na ajifunze Kifaransa kidogo. Akacheka. Sikuwa natania.

Mimi nilishakwenda huko. Kwa ndege ni karibu, na lugha yao ni ndugu wa damu wa Kiswahili, basi nikajiona kama niko Kariakoo. Asubuhi ya kwanza nikampisha bibi mmoja kwenye benchi, akaniambia "marahaba". Nikabaki nimeduwaa, shikamoo yenyewe sijaitoa! Kumbe kwao ndiyo asante.

Hilo la kuchekesha. La kutisha liko kwenye mafaili, yanaandikwa Kifaransa: ngiri yenye herufi D ni ya kulia, yenye G ni ya kushoto. Ndiyo kazi ya ile kalamu. Mgonjwa akiwa bado macho aonyeshe mwenyewe kwa kidole, na daktari atie alama kwenye ngozi palepale. Asiingizwe ndani bila alama, hata foleni iwe ndefu vipi.

Sasa niseme la aibu yangu. Sista mwenyeji alikuwa anahesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, kumikumi, kwa sababu wanazikata wenyewe kutoka kwenye jora na kuzifunga hivyo. Mimi nimezoea tanotano. Siku ya pili, najiona fundi, nikazifungua nikazipanga kivyangu bila kumwambia. Ikafika wakati wa kufunga tumbo, yeye ana hesabu yake, mimi nina yangu, na gozi moja haionekani. Mgonjwa kalala, tumbo wazi, sisi tumepiga magoti tunapekua ndoo. Daktari hasemi neno, kakunja mikono kifuani. Tulipozimwaga zote juu ya plastiki na kuzitenganisha mojamoja, tukakuta mbili zimegandana kwa damu. Sista hakunigombeza. Alichukua zilizobaki safi, akazifunga tena kumikumi, akanitazama.

Kwa hiyo siku ya kwanza usipange upya kitu chochote. Simama pembeni, tazama nani anahesabu, anaandika wapi, vifaa vinatakaswa saa ngapi na umeme ukikatika wanafanyaje. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ile ya 2008 yenye vipengele 19, utaikuta na huko: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, kabla mgonjwa hajatoka. Isomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo hata anayesukuma machela anaielewa.

Makaratasi hayana siri: leseni iwe hai, pata barua ya baraza la taaluma yako, na ruhusa ya kufanya kazi nchi unayokwenda. Chanjo ya homa ya ini B ianze mapema, maana dozi ya tatu huchomwa mwezi wa sita. Na kabla hujavaa glovu siku ya kwanza, uliza dawa za kinga ya VVU ziko kabati gani. Ukichomwa na sindano kwa bahati mbaya, mwisho wa kuzianza ni saa 72, na kila saa inayopita ni hasara yako.

Kingine, muulize kiongozi wa timu nani atatoa nyuzi mkishaondoka. Akijiumauma, jua kuna tatizo. Sisi siku mbili za mwisho hatukupanga operesheni kubwa, tulipita wodini na wauguzi wa pale, kitanda kwa kitanda. Wapo waliolalamika kwamba tunapoteza muda. Waache walalamike.

Mgonjwa wetu wa gozi alitolewa nyuzi sisi tumesharudi Dar. Sista alinitumia picha ya kidonda, kikavu kabisa, halafu akaniuliza kama nina mkasi wa kukatia jora, wao umekufa makali. Mdogo wangu nimemkabidhi miwili aifikishe.