Jibu: Papa (baba) wa miaka 68 na dawa ya "kusafisha damu"

Ndugu, umeuliza kama papa yako, miaka 68, mvuta sigara tangu ujana, anunue ile chupa ya majani inayouzwa pale soko la Kadutu, eti inasafisha damu iliyozeeka. Amesikia redioni kwamba damu ya wazee hubadilika jeni. Mimi ni mtu wa labo hapa Bukavu.

Redio haikudanganya. Seli mama zinazozaa damu, zilizo ndani ya uboho wa mifupa, hugawanyika maisha yote, na makosa huingia kwenye jeni. Kosa likiipa seli moja nguvu ya kuzaliana kuliko wenzake, ukoo wake unatanuka. Tafiti za Marekani za 2014 zilikuta koo za namna hiyo kwa zaidi ya mtu 1 kati ya 10 waliopita miaka 70. Wengi wao hawapati saratani ya damu. Hatari ni kama asilimia 0.5 hadi 1 kwa mwaka. Moyo ndio wa kuogopewa zaidi: mwaka 2017 ilionekana hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakaribia mara mbili, kwa kuwa seli hizo, hasa zenye kosa kwenye jeni ya TET2, huchochea uvimbe wa mwasho (si wa saratani) kwenye kuta za mishipa.

Sasa huyo muuzaji anayesema "ameona uchafu". Mimi natandaza tone la damu kwenye kioo, nalipaka rangi ya Giemsa, naangalia kwa mikroskopu: chembe nyeupe zina viini vya zambarau, nzuri tu. Yenye kosa na isiyo nalo zinafanana. Hata NFS, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, inaweza kutoka safi. Mpaka jeni zisomwe kwa mashine, na labo yetu haina. Yeye ameonea wapi?

Sigara ndiyo yenye ushahidi mzito: wavutaji hukutwa zaidi na kosa la jeni ya ASXL1. Unene na chakula kibovu navyo vimehusishwa, ila kwa ushahidi mwepesi zaidi. Hakuna jani wala kidonge kinachojulikana kufuta ukoo huo. Moyo lakini unalindika: aache sigara, apime presha, apunguze chumvi, apande mlima kwa miguu (Bukavu milima ni ya bure), ale sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwa) zisizoogelea mafuta.

Pesa ya chupa ilipie presha na NFS. Wekundu wa damu (hemoglobini) ukishuka, au chembe nyeupe zikibaki vibaya hata kipimo kikirudiwa, mpeleke kwa daktari na karatasi zote mbili, ya zamani na mpya.